Swali la Kitanda Namba Saba

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, wiki ya pili tangu tutoke madarasani kuingia wodini, na nilikuwa nimesimama nyuma ya wenzangu wawili warefu. Kila aliyepita wodi ya watoto anaijua mbinu hiyo. Raundi ikianza unatafuta mgongo wa kujificha, unainamia daftari kama mtu anayeandika jambo zito, na unaomba macho ya bingwa yasivuke bega la mwenzako. Siku hiyo yalivuka.

"Wewe wa nyuma. Njoo hapa. Huyu mtoto ana nini, na utampa nini?"

Kitanda namba saba. Mtoto wa miezi 14, kilo 5.8, anaharisha kwa siku ya tatu. Macho yameingia ndani. Mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, pembe ya kanga ameikamatia mdomoni. Nilifinya ngozi ya tumbo la mtoto, nikaiachia, nikahesabu moyoni. Ilibaki imesimama kama kikunjo cha nguo, kisha ikarudi taratibu. Nikapata nguvu, maana hilo nilikuwa nimelisoma usiku uliopita. Ukurasa niliuona mbele yangu, upande wa kushoto, pamoja na mistari niliyoipaka wino wa njano. Nikajibu bila kukwama: upungufu mkubwa wa maji mwilini, dripu ya Ringer, mililita 100 kwa kila kilo, 30 za kwanza ndani ya nusu saa.

Lilikuwa jibu la kitabuni, na kwa mtoto yule lingeweza kuua.

Mtoto alikuwa na utapiamlo mkali. Ule utepe wa kupimia mkono ungeangukia kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5. Kwa mtoto wa namna hiyo ngozi huchelewa kurudi kwa sababu mafuta yaliyokuwa chini yake yameisha, hata kama maji hayajapungua kiasi hicho. Macho nayo huingia ndani kwa sababu hiyohiyo. Ukimmiminia dripu kwa kasi, moyo uliokwisha kudhoofika unaelemewa. Anapewa ReSoMal, maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa ajili ya wenye utapiamlo, kwa mdomo au kwa mpira wa puani, kidogo kidogo, na dripu anawekewa yule tu aliyeingia kwenye shoki, yaani damu yake haizunguki vya kutosha.

Leo nayaandika haya kwa urahisi. Siku ile sikuyasikia. Bingwa aliwageukia wenzangu akasema kuna watu walipaswa kubaki shambani, wamekuja huku kutumalizia watoto. Wakacheka, wengine kwa hofu tu ya kuitwa wao. Baada ya hapo alifafanua kwa dakika kama tano, na naamini alifafanua vizuri, kwa sababu kazi yake aliijua. Nilichobaki nacho mimi ni ufa wa sakafuni, ulioanzia kwenye gurudumu la kitanda ukaenda hadi ukutani. Huo naweza kuuchora mpaka leo.

Jibu sahihi nililipata miezi mingi baadaye, kwa mtu mwingine kabisa.

Alikuwa sista wa zamu za usiku, amebakiza miaka michache kustaafu. Wote tulimwita Mama. Tukiwa zamu naye hakutoa mhadhara wowote. Alikuwa anakunja gozi kwa ajili ya asubuhi, na katikati ya kukunja anauliza bila hata kuinua kichwa:

"Mwanangu, huyu wa dirishani akibadilika saa nane za usiku, daktari hapatikani, wewe utaanza na nini?"

Kisha ananyamaza. Ule ukimya wake ulikuwa mrefu, na hakuujaza kwa neno la kukusaidia. Ukisema hujui, anakuambia, "Basi bahatisha. Taja kitu kimoja." Ukikosea anauliza swali jingine, dogo zaidi, mpaka unajikuta umefika kwa miguu yako. Na baada ya siku mbili tatu anakuuliza lilelile tena, kana kwamba hamjawahi kulizungumza.

Usiku mmoja aliniuliza kuhusu mtoto aliyekonda, anayeharisha. Nikasema dripu. Kosa lilelile la kitanda namba saba.

"Umeshika miguu yake?"

"Bado, Mama."

"Kaishike."

Nikaenda. Miguu ilikuwa ya moto. Nikarudi nikamwambia.

"Na mapigo ya mkononi, unayapata?"

"Nayapata, tena vizuri."

"Sasa dripu ya nini?"

Nilisimama pale na swali lake. Nikaanza kusema kwa sauti, nikijisikiliza: mzunguko wa damu uko sawa, kwa hiyo hayuko kwenye shoki, kwa hiyo... Hakunikatiza. Nilipofika kwenye ReSoMal alitikisa kichwa mara moja kukubali, akaendelea na gozi zake. Tangu usiku ule sijawahi kulisahau jambo hilo, na tangu usiku ule siandiki dripu kwa mtoto aliyekonda kabla sijashika miguu yake.

Kwa miaka niliichukua tofauti ya watu hawa wawili kuwa ya tabia tu: mmoja mkali, mwingine mpole. Nikajiwekea imani kwamba kuulizwa ni adhabu, na kwamba njia salama ya kujifunza ni kukaa peke yako na madesa. Nikasoma sana. Nilikuwa mtu wa kusoma notisi mara nne, mara tano, na kila mara ziliteleza vizuri zaidi. Sentensi naikuta naijua. Mchoro naukuta naujua. Nikifunga daftari nalala nikiwa na amani. Pepa nilifaulu pia, kwa sababu pepa ilikuja kesho yake, na robo yake ilitoka kwenye pasti pepa. Nilipofika mwaka wa intani, ule wa mafunzo kwa vitendo baada ya kuhitimu, nusu ya yale niliyofaulu nayo hayakuwepo. Niliyahisi kama majina ya watu niliosoma nao shule ya msingi: yapo mahali fulani, ila hayaji.

Nikiwa nasomea ubingwa wa watoto, mwenzangu alinipa makala ya mwaka 2009 ya Larsen, Butler na Roediger, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani. Waliwachukua madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa watoto na wa tiba ya dharura, watu wa ngazi yangu kabisa, wakawafundisha mada mbili: degedege lisilokatika, na ugonjwa wa misuli kulegea uitwao miasthenia gravisi. Kila daktari aliirudia mada moja kwa kujibu maswali, na nyingine kwa kusoma muhtasari. Walirudia mara tatu, kila mara ikipishana na nyingine kwa takriban wiki mbili. Zaidi ya miezi sita baadaye wote wakapimwa. Kwenye mada waliyoirudia kwa kujibu maswali walipata wastani wa asilimia 39. Kwenye ile waliyoirudia kwa kusoma, asilimia 26.

Wengi wakisimulia utafiti huu hukazia ile tofauti ya 13. Mimi nilikwama kwenye 39. Hao ni madaktari waliofundishwa vizuri, wamerudia mara tatu, kwa njia iliyo bora kati ya hizo mbili, na bado baada ya nusu mwaka wamebaki na chini ya nusu. Mimi niliyepitisha macho usiku mmoja nilitegemea kubaki na nini?

Makala hiyo ikanipeleka kwenye nyingine, ya Roediger na Karpicke ya mwaka 2006, na hapo ndipo nilipoielewa ile amani ya kulala nayo. Wanafunzi wa chuo walipewa vifungu vifupi. Wengine wakasoma mara ya pili. Wengine, badala ya kusoma tena, waliandika kila walichokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliosoma tena 42, waliojikumbusha 56. Na katika jaribio lao la pili, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka.

Nilisoma hapo nikaona wino wangu wa njano. Kuzoea maandishi na kuujua ugonjwa vinafanana sana ukiwa umeshika daftari. Vinakuja kuachana kando ya kitanda, pale ambapo hakuna daftari.

Kwa hiyo Mama wa zamu za usiku alikuwa anafanya, bila kusoma makala yoyote, kile ambacho watafiti walikuja kukipima: anakufanya ulitoe jibu kichwani mwako, anasubiri, anakurekebisha, anakuacha usahau kidogo, kisha anakuuliza tena. Ukweli ulioniuma ni kwamba hata yule bingwa aliniuliza. Swali lake lilikuwa zuri. Mtoto alikuwepo, kosa langu lilikuwepo, mafundisho yalikuwepo. Kilichoharibu ni kile kilichofuata baada ya mimi kukosea.

Ningependa kusema kwamba baada ya kuelewa hayo nilibadilika. Sivyo ilivyokwenda. Nilipoanza kuwa na intani wangu katika hospitali moja ya mkoa, nilifundisha jinsi nilivyofundishwa. Wodi imejaa, watoto wawili wawili kitandani, umelala saa tatu, na kijana amesimama mbele yako hajui hata matokeo ya damu ya mgonjwa wake. Maneno yanatoka. Nilimuuliza mmoja mbele ya wenzake na mbele ya akina mama, "Hivi wewe umesoma chuo gani?" Aliinamisha kichwa, nikaendelea na kitanda kinachofuata nikiamini nimemwamsha.

Wiki mbili baadaye kijana huyohuyo alikosea hesabu ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria ambayo ikizidi inaweza kuumiza figo. Badala ya miligramu 7.5 kwa kila kilo aliandika mara mbili yake, na mtoto akachomwa dozi hiyo. Aliligundua kosa lake alfajiri, akiwa peke yake, akapunguza dozi iliyofuata, akanyamaza. Aliyeniambia ni nesi aliyekuwa anapanga kadi za dawa. Tulimfuatilia mtoto, tukapima figo, na namshukuru Mungu hakudhurika. Nikamwita intani pembeni nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu saa ileile.

Akasema, "Dokta, niliogopa utaniuliza."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi ndiye niliyemfundisha hilo, kwa bidii kabisa, kitanda kwa kitanda.

Baadaye nilisoma kazi ya Amy Edmondson wa Harvard. Miaka ya 1990 alikuwa anachunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zinazofanya kazi pamoja vizuri zingekuwa na makosa machache. Akakuta zile zenye viongozi wazuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Alipochunguza zaidi aliona kwamba huko watu walikuwa wanayasema, kwingine yalifichwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1996, na mimi niliisoma nikiwa na faili la mtoto wa gentamaisini mezani. Wodi yangu ilikuwa kimya, na ukimya huo nilikuwa naufurahia.

Sasa nifanyavyo. Swali nauliza kabla ya kumtaja mtu, na kila mmoja anaandika jibu lake kwenye karatasi, hata mimi. Hakuna mgongo wa kujificha, na hakuna anayekosea peke yake. Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa daktari mwenye wagonjwa arobaini wanaomsubiri, na mara nyingi nashindwa, nalitoa jibu baada ya sekunde tatu kisha najuta. Mtu akikosea namuuliza amepitia njia gani kufika pale, kwa sababu kosa la mwanafunzi mara nyingi lina sababu nzuri ndani yake. Kosa langu la kitanda namba saba lilikuwa na sababu nzuri. Nilikuwa nimeona dalili mbili za kweli.

Ninayo daftari ndogo mfukoni ninamoandika swali na tarehe. Lililoulizwa Jumatatu linarudi Alhamisi, linarudi tena baada ya wiki mbili, na likirudi linamhusu mtoto mwingine. Hilo la mtoto mwingine nimelichukua kwa Elstein, Shulman na Sprafka, waliochapisha mwaka 1978 utafiti wao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kuhusu jinsi madaktari wanavyofikiri. Waliona kwamba daktari kufanya vizuri kwa mgonjwa mmoja hakutoshi kukuonyesha kama atafanya vizuri kwa mwingine. Ujuzi haukai kichwani kama akiba unayoweza kuichota popote; unashikamana na wagonjwa uliowaona. Anayejua kuharisha kwa mtoto mnene bado hajajua kuharisha kwa mtoto aliyekonda. Ndiyo maana hata mitihani ya vituo vingi vifupi, ile OSCE aliyoianzisha Harden, mwalimu wa udaktari, kule Dundee, Uskoti, mwaka 1975 na ambayo wanafunzi wetu wanaiogopa mno, ninaiona ya haki kuliko kupimwa kwa muda mrefu kwa mgonjwa mmoja tu. Ukipewa mmoja unaweza kuangukia unayemjua, au usiyemjua.

Wapo wanaoniambia, "Dokta, mimi najifunza kwa kuona, nichoree." Huwa nachora, kwa sababu mchoro mzuri unamsaidia kila mtu. Lakini mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo mwaka 2008 na hawakukuta ushahidi wa maana kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda humfanya ajifunze zaidi. Nikishachora nafuta, nampa chaki.

Kuna jambo moja ambalo sikulikuta kwenye makala hizo zote, nalo ni letu. Sisi tunasomea udaktari kwa Kiingereza, na akina mama wanaumwa na kuuguza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, Kihehe, Kimakonde. Mwanafunzi anaweza kukutajia hatua zote za upungufu wa maji kwa Kiingereza safi, kisha ukimwambia amweleze mama, anaganda. Mwanzoni nilidhani ni aibu ya lugha. Siku hizi nadhani hajaelewa bado, na Kiingereza kilikuwa kinamfichia hilo, kama wino wa njano ulivyonifichia mimi. Kwa hiyo karatasi zetu za maswali siku mbili kwa wiki ni za Kiswahili. Eleza kwa nini mtoto huyu hatumwekei dripu, kwa maneno ambayo mama yake atakwenda kumwambia bibi wa mtoto. Ni swali gumu kuliko yote ninayouliza.

Na akina mama nao wanaogopa kuulizwa. Hili nililichelewa kuliona. Mtoto akikonda hivyo, mitaani wanasema amebemendwa, yaani baba na mama walikutana kabla ya wakati, au mmoja wao alitoka nje, na mtoto ndiye anayelipa. Mama anafika wodini akiwa ameshahukumiwa na mama mkwe, na majirani, na mwenyewe. Kisha anakuja kijana mwenye koti jeupe, amesimama juu yake, wenzake kumi nyuma, anauliza, "Mbona mtoto amekonda hivi?" Anajibu, "Sijui." Kwenye faili inaandikwa kwamba mama hana maelezo. Yule wa kitanda namba saba, aliyekuwa ameing'ata kanga yake, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu. Bingwa hakumuuliza, wala mimi. Miongozo ya utapiamlo yenyewe inasema: macho yakiwa yameingia ndani, muulize mama kama ni ya leo au ndivyo mtoto alivyo. Jibu langu lilikuwa pale, hatua moja kutoka mkono wangu.

Mwezi uliopita tulikuwa na mtoto wa miezi 11, ameharisha tangu juzi. Nilimpa kazi hiyo binti wa mwaka wa tatu ambaye wiki nzima alikuwa akisimama nyuma. Alifinya ngozi ya tumbo, akahesabu. Nikamwona anataka kusema, na nikajua anataka kusema nini. Nikanyamaza. Akafunga mdomo, akashika miguu ya mtoto, kwanza mmoja kisha wa pili, akauweka mkono wake palepale kwa muda. Halafu akamgeukia mama.

"Shikamoo, mama. Samahani, macho yake yamekuwa hivi tangu lini?"

Yule mama aliwatazama wanafunzi waliomzunguka, akanitazama mimi, akarudisha macho kwa binti.

"Tangu Ramadhani," alisema polepole. "Kabla hata hajaanza kuharisha. Watu wanasema..."

Akaishia hapo. Binti hakuandika kitu. Alivuta stuli kutoka chini ya kitanda, akaketi.

"Wanasemaje, mama?"

Nikawaambia wengine twende kitanda kinachofuata.